Mahari Iliyopelekwa Stesheni

Tulikuwa tumeahirisha arusi yetu mara mbili wakati mchungaji alipotuita nyumbani kwake na kutuuliza kama tungekubali kufunga ndoa siku moja na watu wengine.

Mara ya kwanza tuliahirisha kwa sababu pesa tuliyoweka ya kununua mbuzi, siku ya kumnunua ilipofika, ilikuwa imegeuka pesa ya kuku. Wakati ule bei ilibadilika kati ya asubuhi na jioni, na mtu aliyeweka akiba alionekana mjinga kuliko yule aliyekula yake yote. Mara ya pili, kiwanda alichofanyia kazi mchumba wangu kilikaa miezi bila kulipa, kisha kikalipa kwa unga wa mahindi. Mimi nilifundisha darasa la tatu huko Kikula, hapa mjini Likasi, na mshahara wangu ulikuwa maneno matupu. Tuliishi kwa vile vidogo ambavyo wazazi wa watoto walituchangia. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mama alikuwa ameanza kusema kwamba mchumba akingojwa sana hugeuka kaka.

Mchungaji alituonyesha faida yake. Turubai moja, mabenchi yale yale, sufuria kubwa za kanisa, kwaya moja, na mahubiri hayaongezeki kwa sababu waliosimama mbele ni wanne badala ya wawili. Mchumba wangu aliuliza hao wengine ni nani. Mchungaji akasema mwanamume ni wa kanisa letu, huketi benchi la nyuma, ni fundi wa chuma. Nikauliza umri wao, walikutana wapi, bibi arusi atavaa nini, kwa nini hawajatangazwa. Mchungaji akacheka, akaniambia nije Jumamosi nitawaona kwa macho yangu.

Niseme hapa kwamba tangu utoto nina ugonjwa wa kutaka kujua. Barua ya jirani ikipita mikononi mwangu, hata kama imefungwa, nitaipima uzito. Mama alisema pua yangu hufika mahali kabla ya miguu. Kwa hiyo wiki ile nzima niliwatafuta hao watu kichwani. Nilimvika yule msichana nguo, nikampa sauti, nikaamua ni mwembamba na ana haya, na kwamba tungekuwa marafiki.

Jumamosi nilifika kanisani mapema. Kwenye baraza walikuwa wameketi mwanamume mwenye mvi, shati lake limepigwa pasi vizuri, na mwanamke mnene kidogo aliyefunga kikwembe, kitenge cha buluu. Niliwaamkia kwa heshima, nikadhani ni wazazi. Nikauliza maarusi wenyewe wako njiani au vipi.

Mwanamume alimtazama mwenzake, kisha akanijibu taratibu, "Ni shiye, mwalimu."

Ni wao wenyewe! Nilitamani kuzama chini. Mwanamke alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kikwembe, akanishika mkono, akaniketisha karibu naye. Walikuwa wamekaa pamoja miaka ishirini na mitano. Walikuwa na watoto watano na mjukuu mmoja aliyeanza kutembea. Tulipanga siku, wiki tatu mbele, na tukagawana kazi. Mchumba wangu angeleta unga wa bukari, yaani ugali. Mama yangu na wenzake wangetafuta sombe ya majani ya muhogo na samaki wakavu. Yule mwanamke angetengeneza munkoyo, kinywaji cha mizizi, kwa kuwa kanisa halikuruhusu pombe na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kununua soda. Mume wake alisema pete angezitengeneza yeye mwenyewe, zote nne, kwa shaba. Alikuwa na kipande cha bomba nyumbani.

Nilirudi nyumbani na swali moja likinitembelea kama sisimizi mgongoni. Kwa nini sasa? Mtu aliyekaa miaka ishirini na mitano bila cheti, katika miaka ambayo kuku alikuwa rahisi na soda zilijaa, anakujaje kuamua kuoa mwaka wa njaa? Mama alikisia kwamba mzee ameshikwa na mwanamke mwingine na mkewe anataka kumfunga. Mimi nilikisia ugonjwa. Mchumba wangu alisema yeye hakisii kitu, anataka arusi ipite.

Nikaenda kumsaidia yule mwanamke kuponda mizizi ya munkoyo, nia yangu ikiwa si mizizi. Nilimuuliza kuhusu nguo. Akasema atavaa kikwembe chake kizuri, inatosha. Nilimuuliza kuhusu keki. Akasema keki ni ya watoto. Jambo moja tu ndilo lililomshughulisha: karatasi ya ndoa ya komuni, ile ofisi ya serikali. Aliniuliza ingetoka lini. Tukaponda kidogo, akaniuliza tena kama itakuwa na muhuri. Nilipokuwa naondoka akanishika bega langoni, akauliza kama jina lake lingeandikwa lote au nusu tu. Mimi nilikuwa nimeota gauni tangu darasa la nne, na sikuwahi kumwona mwanamke aliyeota muhuri.

Mchungaji wetu hakubariki ndoa isiyopita kwanza komuni, basi tukaenda wanne. Karani alitupokea vizuri lakini akatuambia kwamba karatasi za kujaza zimeisha zamani na hajui zingine zitakuja lini. Alikuwa na moja tu ya zamani, ya mfano. Alipojua mimi ni mwalimu, akaniomba nichore zetu kwa mkono, yeye atapiga muhuri. Nilichomoa karatasi mbili kubwa katikati ya daftari langu, nikaomba rula, nikapiga mistari. Ndivyo nilivyoandika cheti changu cha ndoa kwa mwandiko wangu mwenyewe, kisha nikaanza cha wale wawili.

Nilimuuliza mwanamke mahali alipozaliwa. Akasema hapa hapa, enzi zile mji ukiitwa Jadotville. Nikaandika. Mstari uliofuata uliuliza asili ya baba. Mume wake akageukia dirisha, na karani akaanza kutafuta kitu ndani ya droo. Mwisho mwanamke akataja kijiji, na wilaya yake, huko Kasai, mkoa wa mbali. Alikitaja polepole, kama mtoto anayesoma neno ambalo hajalizoea.

Hakukuwa na mstari wa swali langu, lakini nililiuliza. "Umewahi kufika huko, mama?"

"Hata siku moja," akasema.

Miezi ile, katika mji wetu, watu ambao baba zao au babu zao walitoka Kasai walikuwa wakiambiwa warudi kwao. Wengi walizaliwa Likasi kama yeye. Babu zao waliletwa kufanya kazi ya migodi na ya reli, wakabaki, wakazaa, wakazikwa hapa. Sasa nyumba zao zilipigwa mawe, nyingine zilichomwa, na familia nzima nzima zilikuwa zikilala stesheni na magodoro yao, zikingoja mabehewa ambayo hakuna aliyejua yangekuja lini. Katika darasa langu kulikuwa na mabenchi yaliyobaki na mtoto mmoja mahali walipoketi watatu. Na mimi, niliyeuliza kila mtu kila kitu, sikuuliza watoto wale wanalala wapi. Nilijua, lakini sikutaka jibu liwe na sura ya mtu.

Swali langu la "kwa nini sasa" lilipata jibu pale ofisini, ingawa si lote. Sehemu iliyobaki nilipewa na mume wake, nilipoenda kwake kupimwa kidole. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, meza moja na jiliwa. Alikuwa amekata bomba la shaba kuwa vipete vinne na alikuwa akikisugua kimoja kwa tupa. Sikulazimika hata kuuliza. Nadhani alikuwa ametafuta mtu wa kumwambia.

"Bandugu yangu banakuya hapa kila juma," akasema bila kuacha kusugua. "Banasema, ule mwanamuke haiko bibi yako. Ulimukamata tu. Haukumuoa, haukulipa kitu kwabo. Basi umurudishe kwabo, treni iko nabeba bantu. Na mwalimu, ile benye banasema ni kweli. Sikulipa kitu. Nilikuwa kijana, nilisema nitalipa mwaka kesho. Miaka ikapita."

Alinivika pete kujaribu, ikabana, akaivua.

"Njo maana minasema, nitamuoa mbele ya bantu yote. Tuone nani atasema tena haiko bibi yangu."

Kulikuwa na shida moja iliyobaki. Alitaka kulipa mahari kabla ya arusi, na baba mkwe wake alikuwa stesheni, miongoni mwa wanaongoja. Na mtu haendi kuposa peke yake. Ndugu zake waliopaswa kumsindikiza ndio hao hao waliotaka mkewe apande treni. Akaniuliza, macho yake yakiwa kwenye tupa, kama mchumba wangu angekubali kuwa msemaji wake.

Kazi ya msemaji ni ya mzee mwenye maneno. Mchumba wangu alikuwa na miaka ishirini na saba na mbele ya watu ulimi wake ulikuwa mzito. Nilipomfikishia ombi hilo aliuliza mtu wa miaka hamsini ataombewaje mke na kijana ambaye wa kwake mwenyewe bado hajampata. Baba yangu alikasirika. Alisema arusi yetu inatosha kuwa ya maskini, haihitaji kuwa ya hatari pia. Watu wangetuona stesheni na kutuweka upande ambao si wetu. Hakuwa mtu mbaya, baba yangu. Aliogopa, na alikuwa na sababu. Asubuhi yake mama alifungua sanduku lake, akatoa kikwembe kipya alichokuwa ameniwekea mimi, akanipa nikiongeze kwenye mahari.

Tulienda Jumanne mchana. Fundi alimkokota kwa kamba mbuzi aliyelipwa kwa kazi yake ya chuma, mchumba wangu alibeba blanketi na jembe, mimi nilikuwa na kikwembe na ndoo ya munkoyo kichwani. Mke wake hakuja, kwa sababu binti hasimami mahali mahari yake inapozungumzwa. Stesheni nilikuwa nimeipita mara nyingi kwa mbali. Kwa karibu niliona kwamba watu walikuwa wamejitengenezea mitaa. Kabati lilisimama kama ukuta, meza iliyopinduliwa ilikuwa mlango, na mama mmoja alikuwa akifagia mbele ya godoro lake kwa uangalifu, kana kwamba pale ni uani kwake. Nilimwona pia mwanafunzi wangu mmoja, msichana. Aliniamkia kwa sauti ya darasani, mikono nyuma. Nikamjibu. Nilimuuliza kama wanakula. Akasema ndiyo, mwalimu, mara moja.

Mzee tuliyemtafuta alikuwa ameketi juu ya godoro lililoviringishwa na kufungwa kwa waya. Alikuwa amevaa koti zito, ingawa jua lilikuwa kali, labda kwa kuogopa likiwekwa chini litapotea. Mkwe wake alipiga magoti mbali kidogo. Mchumba wangu akakohoa, akaanza maneno aliyokuwa amejifunza njiani, kwamba tumepita tukaona ua zuri katika nyumba hii na tumekuja kuliomba.

"Ua gani?" mzee akauliza. "Ile muliichuma zamani. Sasa iko na mujukuu."

Watu waliokuwa karibu walicheka, na hata mchumba wangu akacheka kwa aibu, maneno yote yakampotea. Lakini mzee hakucheka. Alimtazama fundi aliyepiga magoti.

"Nilikuwa na nyumba," akasema. "Nilikuwa na kiti mbili ya kukalisha mugeni. Nilingoja ukuye wakati ile. Leo unanikuta chini."

Fundi alisema ni kweli, baba. Nilingoja ajitetee, aseme kuhusu bei na kazi na miaka, lakini alibaki pale, magoti kwenye kokoto za reli. Mchumba wangu alifanya kitu ambacho hakikuwa katika desturi yoyote ninayoijua: akapiga magoti pia, kando ya yule mwanamume aliyemzidi umri karibu mara mbili. Nadhani ni dakika ile niliyojua nimechagua vizuri.

Mzee alinyoosha mkono, akalipapasa blanketi, akalikunjua kuona urefu wake. Akapokea jembe. Akapokea kikwembe, akasema kitakuwa cha mke wake. Halafu akamtazama mbuzi.

"Na hii itapanda treni gani?"

Sasa alicheka yeye mwenyewe. Akaagiza mbuzi achinjwe pale pale, na nyama igawiwe kwa majirani zake wa stesheni, ili wote wawe mashahidi kwamba mahari ya binti yake imelipwa na imeliwa. Tulikula tukiwa tumesimama. Alipouliza arusi ni lini na kusikia bado karibu wiki mbili, alitikisa kichwa, akasema kufikia siku hiyo huenda yeye atakuwa ameenda.

Mchumba wangu alinitazama. Gauni langu lilikuwa bado pazia. Lilikuwa pazia jeupe la lasi ambalo rafiki wa mama alikuwa amenipa, na fundi cherehani alikuwa hata hajakata mikono. Mjomba wangu wa Kambove alikuwa hajapata habari. Sombe, samaki, kwaya, hakuna kilichokuwa tayari. Nilisema, "Jumamosi hii."

Siku nne zile nilizikimbia bila kuziona. Mchungaji alikubali kwa neno moja. Baba alikataa kunisemesha mpaka Alhamisi, kisha nikamkuta uani akitengeneza baiskeli ya mtu, akaniambia ni ya kunipeleka kanisani, maana teksi-basi hazikuwa na mafuta. Jirani yetu alioka keki ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Ilizama katikati, akajaza shimo kwa karanga. Upindo wa gauni langu ulishikwa na pini, na nikaambiwa nisikae ovyo.

Jumamosi tulipanda baiskeli, mabibi arusi wawili, kila mmoja ameketi kiupande kwenye kiti cha nyuma, na watu wakitembea kando wakiimba. Yule mwanamke alikuwa na kikwembe chake kizuri na kitambaa cha kichwa cha rangi ile ile. Alinishikia gauni lisiingie kwenye gurudumu, baiskeli zikienda sambamba. Baba yake aliletwa kwa baiskeli ya tatu, na koti lake.

Kanisa lilijaa kuliko nilivyotegemea. Watu walitaka kuona. Ndugu wa fundi walikuja, wanaume watatu, wakasimama mlangoni bila kuketi. Wakati ulipofika wa kuuliza kama yuko mwenye sababu ya kuzuia ndoa hizi, mchungaji aliuliza, kisha akangoja. Aliwapa muda mrefu kuliko ilivyo desturi. Sikuwageukia, lakini niliona mkono wa mwanamke pembeni yangu ukikunja na kukunjua ncha ya kikwembe. Mtoto alilia, akanyamazishwa. Ndugu mkubwa kati ya wale watatu alivua kofia yake. Mchungaji akaendelea, na fundi akamvika mke wake pete ya shaba. Yangu ilinibana bado kidogo, na kabla ya wiki kwisha kidole changu kilikuwa kijani.

Baada ya ibada mzee aliomba arudishwe upesi, asipoteze nafasi yake. Tulimfungia chakula. Binti yake alimsindikiza mpaka barabarani, wakasimama kando ya baiskeli. Sikusogea karibu. Ni mara moja maishani mwangu nilipoona watu wakizungumza na sikutaka kusikia.

Treni ilikuja Jumatano, ikamchukua. Mwaka ulipita kabla ya mtu kuleta habari kwamba alifika salama na analima. Mke wa fundi hakuondoka Likasi. Hofu haikuisha kwa siku moja, walikaa muda mrefu wakifunga madirisha mapema, lakini cheti kile cha karatasi ya daftari alikiweka ndani ya Biblia, na mara mbili, najua, alikitoa na kumwonyesha mtu mlangoni. Amezeeka hapo hapo, na mimi na mume wangu tumewazika wazazi wetu akiwa jikoni kwetu.

Asubuhi ya Jumapili, siku moja baada ya arusi, nilikwenda kwake kurudisha sufuria. Nilimkuta uani akimpakulia bukari mwanamume aliyeketi kwenye kiti. Nilimtambua kwa kofia aliyoipakata: ni yule ndugu mkubwa aliyesimama mlangoni. Alikuwa anakula kwa kuinama, haraka, na hakuinua macho. Fundi alikuwa ameketi mbele yake, anakula pia, na wote wawili walizungumza kuhusu bei ya makaa. Aliponawa mikono, yule mgeni alimwambia mwanamke, "Asante, shemeji," akavaa kofia yake akaenda.

Nilimngoja apotee barabarani, kisha nikamuuliza mwanamke alichosema mgeni alipokuja, kama aliomba msamaha.

"Hapana," akasema. "Alibisha hodi."

"Na weye ulimupatia bukari tu hivi?"

Alichukua sufuria mikononi mwangu, akaitazama ndani kama imesuguliwa vizuri.

"Alikuya asubui mapema, mutoto yangu. Alikuwa na njala."